Ukuta wa Mzee Ndahani

Jumanne, 3 Juni
Chang'ombe, kama kila Jumanne. Nimemwogesha Mzee Ndahani, nimemkata kucha, tumegombana kuhusu uji. Yeye hautaki bila sukari, daktari hataki wenye sukari.

Picha imekwisha. Tangu kiharusi kimchukue mkono wa kulia anachora kwa wa kushoto, taratibu mno. Zamani ndiye aliyechora mabango ya bucha na saluni za mtaa huu. Safari hii kamchora marehemu mkewe akipepeta uwele. Nimeitazama hadi uji ukapoa.

Kikundi chetu kina mnada wa picha tarehe 14, tupate sabuni, glovu na nauli za sisi tunaojitolea kuhudumia wagonjwa majumbani. Nimemwomba aitoe. Kakubali kwa sharti moja: aambiwe itatundikwa ukuta wa nani. Mabango yake yote yamefutwa. Hii anataka mtu aishi nayo. Nimeahidi.

Jumanne, 10 Juni
Baridi na vumbi. Mzee kakataa kunyolewa leo. Nimnyoe Jumamosi, awe mpya mbele ya mnunuzi. Nimebeba suruali yake ya harusi kwenda kuipunguza kiuno. Fundi wa bure mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Nina hasira.

Ukumbi wa kanisa, Ipagala. Mzee mbele kabisa kwenye kiti chake cha magurudumu. Picha yake ikaja ya tatu. Bwana mmoja wa wizarani akainunua. Makofi. Kisha akasema yale tunayosema sote kanisani tunaponadi kuku na maboga: "Nairudisha, iuzwe tena." Vigelegele. Wa pili akanunua, akarudisha. Wa tatu. Wa nne. Mwenyekiti wetu alikuwa anacheza. Hata mimi nilipiga vigelegele, mjinga mimi, mpaka nilipomwona mzee. Kila picha iliporudi mezani, kichwa chake kilizidi kuinama. Kwetu ule ni ukarimu. Yeye aliona watu wanaoikataa.

Wa tano, wa mwisho, kaiachia kikundi.

Kwenye bajaji aliuliza mara moja tu: "Ukuta wa nani, mwanangu?" Nikasema mnunuzi atanipigia simu. Uongo mtupu.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kwaya. Picha ilikuwa ofisini, nyuma ya maboksi ya sabuni. Nimeichukua, nikaitundika sebuleni kwangu. Nikaishusha. Angejua nimemhurumia tu.

Jumanne, 17 Juni
Nimemwambia kweli. Kageukia ukutani. Nimemtilia sukari kwenye uji, vijiko viwili, na bado hakunywa. Nimelia jikoni kwake, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kutoka hapo kwa Bibi Mele, mgonjwa wangu mwingine, nyumba ya sita. Alivunjika nyonga mwaka jana, analala akitazama ukuta mtupu. Picha nilikuwa nayo mkononi, sikujua niipeleke wapi. Akaiona, akaomba niiache. Nimeiacha.

Jumanne, 24 Juni
Bibi Mele kaagiza mchoraji aletwe, ana neno naye. Nimemsukuma mzee hadi huko, akinung'unika njia nzima.

Bibi hata kumkaribisha hakumkaribisha. "Huyu mama anapepeta akiukabili upepo! Makapi yote si yatamwingia machoni?" Wiki nzima ameitazama. Anajua idadi ya shanga za shingoni. Anajua kuku wa pembeni ana mguu mmoja mfupi.

Mzee aliinua kichwa, akaitazama picha. Kisha akacheka, machozi yakimtoka. Akasema ndivyo alivyokuwa akipepeta mkewe, miaka yote. Mbishi hata kwa upepo.

Kuhusu mguu wa kuku kakubali kosa. Kesho nimpelekee brashi nyembamba na rangi ya njano, hukohuko kwa Bibi Mele.

Tulikunywa uji wa bibi, sote watatu. Haukuwa na sukari. Mzee alimaliza kikombe, akaomba kingine.