Kiti cha Nyuma Kimebaki Kitupu

Mzee Lameck, shikamoo.

Habari kwanza, salamu nyingine baadaye: mji huu kwa sasa hakuna mtu mwenye bahati kama mie. Safu yako ya magari gazetini nimepewa. Ile ile ya Kiti cha Nyuma, ukurasa ule ule wa Jumamosi, na picha yangu juu nimevaa miwani ya jua. Mhariri kaniinukia mwenyewe, kanishika kwa mikono yote miwili, kasema Dar es Salaam nzima hakuna wa kuirithi ila Shabani. Nikajifanya nafikiria kidogo, asije akaniona mtu wa shida. Darasa la saba mie, Mzee, tena la kuvutwa masikio. Unaiona dunia?

Hiyo ndiyo kubwa. Nyingine ni ndogondogo.

Tulikuzika vizuri. Watu walijaa pale kwenu Tabata mpaka bajaji zikatafuta njia nyingine. Mafundi wa Mwenge walikuja na ovaroli zao. Mie sikulia. Watu walikuwa wananiangalia, dereva wako wa miaka yote, wakisubiri nianguke wanidake. Sikuanguka. Nilikuwa nasikiliza gari lililokubeba. Lilikuwa linamisi, Mzee. Plagi moja haichomi, kila likipunguza mwendo linatetemeka kama mtu mwenye homa. Kugeuka, nakuta mafundi nao wameinamisha vichwa upande mmoja, wanasikiliza. Watu wakadhani tunasali. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kimoja tu: nikwambie.

Tangu hapo niko hivyo hivyo. Nakula, naendesha, nataniana na watu. Ila ni kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unakubeba, lakini ardhi huisikii.

Vijana wanaoonyesha magari mtandaoni wananiuliza ulidumuje. Mtu aliyeanza na mashindano ya magari kwenye tope, akaja enzi za foleni ya mafuta, akafika mpaka haya ya kuchaji kama simu, na wauzaji wote wanamwogopa. Nawaambia siri yake ni kwamba hakuwa anashika usukani. Hawaelewi. Wewe ulikuwaga unavua viatu, unakaa nyuma, unafumba macho, mie naendesha. Tunapanda Kimara kwa lami, tunarudi kwa njia za vumbi, hakuna stori. Ulisema, "Anayeendesha gari jipya ni bwana harusi, usimuulize kitu. Muulize aliyekaa nyuma." Kuna lile gari mji mzima ulilisifia, wewe ukaandika tu kwamba goti lako limelikataa. Muuzaji akaja amefura. Ukampa chai, ukampandisha nyuma, nikamzungusha. Alishuka anasugua goti.

Na ile ya kuamkia? Gari lako jeupe, kama mengi yanayotoka Japani, ukiliwasha linasema maneno kwa sauti ya kidada. Ukaniuliza linasema nini, maana mie ndiye niliyefika bandari za watu. Nilifika Durban, Mzee, nikashusha magari melini. Kijapani ningekitoa wapi? Nikakujibu bila kupepesa: linakuamkia, linasema shikamoo mwenye gari. Ukaandika. Watu wakawa wanaitikia marahaba kila asubuhi, wengine mpaka wanaliuliza limelalaje. Ndipo msomaji mmoja aliyesoma Japani akakutumia ujumbe kwamba dada yule analalamika tu kuwa kadi ya kulipia barabara haijachomekwa.

Nilijua kibarua kimeota nyasi. Wewe ulicheka mpaka ukavua miwani. Jumamosi ukaandika, "Gari halituamkii, linadai kadi. Kosa ni langu, napenda mno kuheshimiwa." Langu ukalibeba wewe. Jina langu hukuligusa.

Sasa hivi mkeo, Mama Neema, ananituma niliwashe kila asubuhi betri isife. Linasema maneno yake. Jana nikaitikia marahaba kwa niaba yako. Sauti ilitoka ya kawaida kabisa, kama namwitikia mtoto wa jirani. Nikazima, nikafunga mlango, nikaenda kunywa chai.

Mama ndiye ninayemwogopa. Habari ya safu nilimpa mie mwenyewe, sebuleni kwenu. Tangu msiba alikuwa anachezea chakula tu, binti zako wamembembeleza mpaka wamechoka. Siku hiyo akaniuliza, Kiti cha Nyuma watakifanyaje? Nikamwambia nimepewa mie. Akainuka, akaenda jikoni, akajipakulia ugali na dagaa, akala sahani nzima mbele yangu. Akafuta mdomo, akasema, "Basi baba Neema hajaisha."

Mzee, mtu unamjibu nini hapo?

Kanisani ameshatangaza. Majirani wote wanajua, yule wa duka ameagizwa asiuze gazeti la mwisho kabla yeye hajapata lake. Miwani amepeleka ikakazwe. Ananiita "mwandishi" mbele za watu, na mie namwitikia, nacheka, natoa kifua. Nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni. Sio kwamba nina uchungu. Uchungu ningeujua. Nakaa tu.

Jumamosi nitafika kwake kabla gazeti halijafika. Nitakaa chini mbele yake, sio kuegemea mlango na utani wangu, nimweleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Akiacha kula tena, nitakaa naye hapo hapo mpaka ale. Akinifukuza, nitarudi Jumapili. Hilo nakuahidi, na wewe unajua mie ahadi huwa natoa chache, nyingi ni maneno.

Nakuaga, Mzee wangu. Pumzika. Huku tutajikongoja.

Safu sikupewa. Wameifuta. Mhariri hata sikumwona, niliambiwa na mlinzi, getini.