Faiba ya Kumwona Aloyo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kasi. Katika kurasa hizi neno hili litakuwa na maana moja tu: kiasi cha data kinachopita kati ya nyumba yangu na dunia kwa sekunde moja, kuja na kwenda, katika saa ambayo ninakihitaji. Sharti hilo la mwisho si pambo. Kampuni inayoniuzia mtandao wa kisanduku chenye laini ya simu imeandika kwenye karatasi yake, kwa hesabu ya megabiti: "hadi kumi". Hadi! Sifuri nayo imo ndani ya "hadi kumi". Nilifundisha mantiki chuoni mpaka nikastaafu. Mwanafunzi aliyeniletea sentensi kama hiyo aliondoka nayo bila alama.

Jioni, kutoka hapa Kampala, nimempigia simu ya picha mdogo wangu Aloyo, aliyeko Gulu. Aloyo hasikii tangu utotoni. Kwetu sisi wengine picha ni nyongeza ya sauti. Kwake picha ndiyo sauti. Leo vidole vyake viliganda hewani, vikayeyuka vikawa viraka vya rangi, kisha vikatokea mahali pengine kabisa. Sentensi nzima imepotea katikati. Nikamwashiria arudie. Akarudia. Viraka.

Ndipo uso wa Okwera ukajaa kwenye kioo. Okwera ni kaka yetu wa katikati, polisi mstaafu. Simu ni yake. Bado anasema Kiswahili cha kambi ya polisi tulikolelewa. Changu kilinyooshwa Dar es Salaam, nilikosomea.

"Dada, network iko mbaya. Zima picha, mimi nitakuambia ile anasema."

Nikazima. Akaniambia. Aloyo, kwa mujibu wa Okwera, amekubali kuhama chumba chake cha ushonaji, kile kinachotazama barabara katika nyumba aliyotuachia baba. Atashonea nyuma, kwenye ua wa Okwera. Chumba cha mbele atapewa Oola, mwana wa Okwera, afungue duka la kutengeneza simu. Nyumba ni yetu sote watatu. Bila ndiyo yangu hakuna kinachohamishwa. Kikao cha familia ni Jumamosi ya wiki ijayo.

"Amekubali mwenyewe?"

"Amekubali. Si nimekuambia?"

Kwamba "Okwera anasema Aloyo amekubali" na "Aloyo amekubali" ni kauli mbili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Ningepanda basi kesho. Lakini daktari wa hospitali ya Mulago aliyenitengeneza nyonga amekataza safari ndefu mpaka Oktoba. Ujumbe wa maandishi haufai: Aloyo alitolewa shule mapema, maana hapakuwa na mwalimu aliyejua lugha ya alama, na hasomi zaidi ya namba. Imebaki picha.

Nitapima kama kasi zaidi inaweza kuniletea neno la Aloyo lenyewe. Nikiona inaweza, nitainunua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimempigia muuzaji wa faiba, mtandao unaokuja kwa waya. Mtu mchangamfu, ananiita nnyabo, yaani bibi, kila baada ya maneno matatu. Kifurushi cha chini: megabiti ishirini kwa sekunde, waya mpaka sebuleni. Bei ni karibu mara mbili ya ninayolipa sasa. Nikauliza: ishirini kuja — na kwenda je?

"Nnyabo, kwenda wapi?"

Kupakia, nikasema. Kutoa picha nyumbani kwangu na kuipeleka nje. Akacheka kwa heshima. Hilo hakuna anayeliuliza. Watu wanataka mpira. Nikamwambia mimi sitaki mpira, nataka mikono. Hakunielewa, nadhani. Lakini alikwenda kuuliza wakubwa wake, akarudi na jibu: kwenda ni ishirini vilevile. Vizuri.

Hata hivyo mikono ya Aloyo inaanzia Gulu. Ikiwa njia inabana kule, faiba ya hapa kwangu Bukoto haitasaidia kitu: nitakuwa nimepanua mlango wa nyumba ambayo barabara yake imefungwa. Lazima nijue inabana wapi kabla ya kulipa. Hisia si ushahidi.

Alhamisi, 11 Septemba

Jaribio.

Zulaikha, jirani yangu wa bloku ya pili, anauza vitenge na magauni ya gomesi moja kwa moja kwenye simu, mbele ya wateja mia tatu kwa wakati mmoja. Ana faiba hiyohiyo. Nilikwenda kwake kwa magongo, ghorofa ya tatu, nikipumzika kila kona. Alisimama juu ya ngazi akinitazama.

"Banange, mwalimu! Hii mguu yako na hii ngazi yangu hawaongei!"

Akanikalisha katikati ya marobota, akanipa chai ya tangawizi, akawatangazia wateja wake wavumilie kidogo, hapa kuna profesa anafanya risachi.

Nikapiga Gulu. Simu ileile, Okwera yuleyule, saa ileile ya jioni. Tofauti moja tu: mtandao wa upande wangu. Picha ikaja safi! Niliona hata pini mbili kati ya midomo ya Aloyo. Alizitoa, akaniuliza habari za nyonga, kisha akainuka na kuigiza mwendo wangu wa magongo, shingo mbele kama bata. Zulaikha, ambaye hajui alama hata moja, alicheka mpaka akakaa chini. Kuhusu chumba sikuuliza. Jambo la familia haliulizwi mbele ya wateja mia tatu.

Hitimisho: njia inabana kwangu.

"Sasa si ulipe tu?" Zulaikha akasema. "Wewe unapima internet kama mtu anapima dhahabu."

Nikamjibu kwamba dhahabu hupimwa kabla ya kununuliwa, si baada.

"Kale, mwalimu, umeshinda. Kunywa chai, inapoa." "Kale" yake ni ya Kiganda: haya, sawa.

Ijumaa, 12 Septemba

Pingamizi dhidi yangu mwenyewe. Ningeweza kurudi kwa Zulaikha. Hapana: nyonga imeniadhibu usiku kucha, na pale si mahali pa siri. Ningeweza kutumia bando la simu yangu. Nimejaribu mchana, mnara ni uleule, viraka ni vilevile. Ningeweza kungoja Oktoba. Kikao hakitangoja. Gharama? Nitaacha gazeti la kila siku. Habari mbaya zitanifikia hata hivyo.

Na hili niliandike, nisije nikajidanganya kwamba namchunguza mwongo: mwaka jana wezi walikata kufuli la chumba cha mbele, wakachukua vitambaa vya wateja, na Aloyo akalala chumba cha pili mpaka asubuhi bila kujua. Hofu ya Okwera, kwamba Aloyo hayuko salama kule mbele, haikubuniwa. Kinachonisumbua ni kwamba hofu yake na haja ya mwanawe zinaelekea upande mmoja, na mtu anayetutafsiria ni yeye.

Jumatatu, 15 Septemba

Mafundi wamekuja. Wametoboa ukuta, vumbi mpaka kwenye vitabu. Wiki moja ya majaribio bila malipo. Nisiporidhika wanakuja kung'oa waya. Tundu watalibeba pia?

Nimepima asubuhi, mchana na jioni. Kumi na tisa. Kumi na nane. Kumi na tisa. Hatimaye namba inayomaanisha inachosema.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeuliza.

Aliniona, nilimwona. Unataka kuhama? Ndiyo. Hakuna hata kidole kilichopotea njiani. Nikaligeuza swali: unataka kubaki? Hapana. Nikaligeuza tena: kama ungeamua peke yako, bila mimi na bila Okwera? Ningehama. Majibu matatu, na yanapatana. Ningepaswa kuridhika, kuandika ndiyo yangu na kwenda kulala.

Lakini faiba haikuleta mikono peke yake. Imeleta macho. Kila alipomaliza kujibu, kabla mikono haijashuka, macho ya Aloyo yalipanda juu ya simu — kidogo tu — kisha yakarudi kwangu. Mara tatu kwa majibu matatu. Kwa mtandao wa zamani nisingeliona hilo kamwe. Na kwa tafsiri ya Okwera, ndiyo yake ingenifikia bila macho.

Kuna nini juu ya simu? Uso wa Okwera. Ndiye aliyeishika.

Taratibu. Kuna maelezo mengine yanayowezekana. Cherehani ya Aloyo inaelekea mlangoni. Ndivyo alivyoipanga tangu siku ya kwanza, ili amwone kila anayeingia na asiguswe begani kwa kushtukiza. Huenda alikuwa akitazama barabara. Huenda alikuwa na mteja. Mtazamo wa nusu sekunde una sababu nyingi, na mimi nimechagua moja kwa sababu inaafiki nilichokuwa nikikishuku. Hilo ni kosa ninalolijua vizuri. Nimelipigia mistari miekundu kwenye insha za watu wengine.

Dawa ya kosa hilo ni jaribio jingine.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimempigia Okwera kwa sauti. Nimemwomba Jumamosi asubuhi, kabla ya kikao, aegemeze simu kwenye cherehani, kisha atoke nje.

"Nitoke? Mimi?"

"Wewe."

"Dada Adoch. Mimi nimehoji wezi miaka thelathini. Leo wewe unanihoji mimi?"

"Simhoji mtu. Naondoa kigezo kimoja."

"Kigezo!" Alicheka, lakini si kwa furaha. "Mimi napeleka yeye hospitali. Mimi nalipa fundi wa kufuli. Mimi iko hapa kila siku, mvua, jua. Wewe uko Kampala na kigezo."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Ukweli wake, hata hivyo, haujibu swali langu. Nikamwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Nilisikia pikipiki ikipita upande wake.

"Kale, profesa. Nitatoka. Nitaenda kunywa chai kwa jirani kama mtu amefukuzwa kwake, ndio wewe ulale vizuri."

"Asante, afande."

"Usiniite afande."

Baada ya hapo nimelipa faiba ya mwezi mzima, kabla siku za majaribio hazijaisha. Zulaikha, aliyepita kunijulia hali, alishangaa: si nilisema kupima kwanza? Nimeshapima. Sijui Jumamosi Aloyo atajibu nini, na uamuzi wangu hautegemei jibu hilo. Ninacholipia ni uwezo wa kumuuliza bila mtu katikati. Kwa bei hiyo, si ghali. Suala la faiba limefungwa.

Jumamosi, 20 Septemba, asubuhi

Kikao ni saa nane mchana. Okwera atanipigia wakiwa wameketi, nitoe kauli yangu.

Simu imeegemezwa kwenye cherehani. Okwera ametoka, kama alivyoahidi. Nilimwona mlangoni nyuma ya Aloyo — wamegeuza kiti ili simu ipate mwanga — akivuka barabara, mikono mfukoni, bila kugeuka. Picha haijakwama hata mara moja.

Nikauliza: unataka kuhama?

Aloyo alinitazama, mimi na si juu ya simu, muda mrefu, vile anavyokitazama kitambaa kabla ya kukikata. Kisha mikono: wewe unataka nijibu nini?

Nikamjibu sitaki chochote, nataka kujua tu. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye uso wangu, akaniiga. Nyusi zimekunjwa. Taya limekazwa. Midomo imebanwa kama ya mtu anayesubiri mwanafunzi akosee. Ni mwigaji hodari; nilijitambua mara moja, na sikupenda. Ndivyo ulivyo tangu Jumatano, akasema. Okwera ana uso wake. Wewe una wako. Ninyi wawili mnaniuliza tena na tena, na kila mmoja ameshika jibu lake kwenye uso.

Nikamuuliza: kwa hiyo Jumatano ulisema ndiyo kwa ajili ya Okwera? Akaonyesha nje, barabarani, alikopita kaka yetu. Akaonyesha kufuli jipya. Akanionyesha mimi. Akafungua mikono yote miwili, viganja juu, akaiacha hivyo. Alama hiyo siijui katika lugha yetu. Labda si alama.

Mteja ameingia. Aloyo amenipungia nisubiri.

Naandika haya kioo kikiwa wazi mbele yangu. Anampima mama mmoja mabega. Mama anaonyesha vidole vitatu. Aloyo anakataa, anaongeza cha nne. Mama anashika kichwa kwa maigizo. Wanacheka wote wawili. Gari limepita barabarani na Aloyo amegeuka kulitazama, ingawa hakulisikia. Mtetemo wa sakafu, pengine. Kule uani hakuna gari linalopita. Wala hakuna mwizi anayefika bila kumpita Okwera. Naziona hoja zote mbili kwa usawa, na hakuna hata moja niliyo na haki ya kuitoa kwa niaba ya Aloyo.

Nimeamua hivi: sitasema ndiyo wala hapana kwenye kikao bila neno lake, hata wakae mpaka jua lizame. Akirudi nitamuuliza tena. Okwera nilimwondoa kwa kumwomba atoke. Mimi siwezi kutoka. Siwezi hata kuukausha uso wangu usionyeshe kitu: katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sentensi. Nyusi zisipoinuka, "unahama" ni taarifa, au ni amri. Nyusi hizohizo zinazofanya swali liwe swali ndizo anazozisoma kutafuta jibu ninalolitaka.

Mama ametoka na mfuko wake. Aloyo anatundika tepu shingoni. Anavuta kiti, anakaa, ananitazama.

Nimuulize kwa uso gani?