Simu Isiyosikika Mampong

Kumasi, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini barua hii inakukuta umeamka salama, goti limetulia, na kuku wa jirani hawajaingia tena kwenye mihogo yako. Sisi huku tu wazima. Watoto wanakusalimu sana. Vaa miwani uisome mwenyewe, tafadhali, usimpe mtu akusomee.

Utashangaa kuletewa barua na dereva badala ya kupigiwa simu. Nimeshindwa, Mama. Tangu nipokee majibu ya hospitali ya ule uvimbe wa titi, nimekupigia weee, na kila nikifika kwenye majibu unaniambia sauti yangu inakatika, eti naongea kama mtu aliye ndani ya pipa, nipige kesho. Kesho nayo ni yale yale. Daktari ananiuliza utakuja lini. Usingizi umenihama.

Mwanzoni niliilaumu simu. Nilivua kava, maana mwanangu Yaw alisema limeziba kitundu cha maiki pale chini. Nikapiga, ukasema bado. Nikaizima nikaiwasha. Nikasugua kitundu kwa mswaki mkavu, taratibu, mume wangu akinisimamia kama polisi nisije nikachomeka sindano nikaiua kabisa. Nikazima na bluututhi, isije ikawa sauti yangu inakwenda kwenye spika ya watoto chumbani. Bado! Siku hiyo nilikupigia kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango akiuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Nikaenda kwa fundi wa simu Baffour, pale Adum, yule bwana mnene mwenye maneno mengi. Alinirekodi nikiongea, akanisikilizisha. Nilisikika vizuri kuliko ninavyopenda kujisikia. Akaniuliza ni nani hasa asiyenisikia. Nikasema ni mama yangu tu. Akacheka, akaniambia, dada wee, maiki mbovu haichagui mtu, ikifa imekufa kwa wote, nenda kaangalie simu ya mama. Ndiyo maana nilimtuma mjomba Antwi, akaja kwako Jumatano na udadisi wake. Ulipokuwa unaoga alinipigia kwa simu yako hiyo hiyo, akanisimulia mazishi ya Juaben kuanzia jeneza mpaka ugomvi wa vinywaji, nami nikimjibu. Hakuna neno lililopotea.

Hapo nikakumbuka kwamba nikiuliza habari za kuku unanisikia, nikitaja bei ya nyanya unanisikia na kuilaani, ila nikitamka daktari tu, masikio yanaziba. Tena kuna hili lililonitisha zaidi. Wewe, Mama, uliyemkalisha mchungaji mgeni, ukampa maji, ukamnyima chakula mpaka aseme kilichomleta! Wewe usiyemwachia hata muuza chumvi ashushe mzigo kabla ya kumuuliza ujumbe wake! Siku hizi tukishasalimiana huniulizi ujumbe. Hujaniuliza hata mara moja tangu nitoke kuchukua majibu. Nikajua unaujua, au unauhisi.

Kwa hiyo jana nilikutega, unisamehe. Uliposema husikii, nilishusha sauti, nikanong'ona kwamba mchuzi wa karanga wa Maame Dufie unaushinda wako tangu zamani. Loo! Hata sijamaliza ulishanirukia, Dufie yupi, huyu huyu wa hapa ng'ambo ya ua, anayepika maji ya kuoshea vyombo? Kisha tukawa tunasikilizana tunavyopumua, halafu ukakata.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo wewe hulijui. Kila uliposema husikii, Mama, mimi nilishusha pumzi. Nilikwenda kwa fundi huku nikiomba kimoyomoyo aiweke simu wiki nzima. Majibu yalikuwa mkobani mwangu, na magari ya Mampong yanaondoka kila wakati. Ningepanda moja asubuhi nikafika kwako kabla hujamaliza kufagia ua. Sikupanda. Nilikaa hapa nasugua tundu kwa mswaki. Unadhani wewe ndiye uliyekuwa unanikwepa, kumbe tulikuwa wawili. Mimi mwanao niliogopa kuliko wewe mwenye titi, na aibu hiyo inaniuma.

Basi naliandika. Uvimbe ule ni saratani. Daktari anasema bado ni mdogo, haujaenda kwingine, na anaamini wataweza kuutoa. Kinachomtia hofu ni huku kuchelewa kwetu. Ameshakutengea kitanda. Nilimuuliza kama utapona, hakuniahidi, ila alisema wanawake wa rika lako wameingia pale na wametoka kwa miguu yao. Nami siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Najua unavyoiogopa hospitali ile tangu tulipomrudisha Baba amefunikwa shuka. Mimi pia naiogopa.

Nisalimie mjomba Antwi, umshukuru kwa kazi niliyompa. Maame Dufie naye msalimie, usimwambie niliyoyasema. Alhamisi nakuja kukuchukua. Sitapiga simu kwanza.

Mimi mwanao akupendaye,
Adwoa Pokuaa