Ngwe ya Wazee wa Salale

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini sijapata kuanza neno na wewe bila kukuamkia, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu.

Juzi nilikuwa Salale. Nilikwenda kuzuru kaburi lako, nikakuta mpunga umeiva na wanawake wako shambani. Harufu ile ya mpunga uliokatwa umande haujakauka ilinirudisha juu ya dungu letu, mimi na wewe, tukifukuza ndege tangu alfajiri. Wewe unavuta kamba yenye makopo, mimi napiga kelele mpaka sauti inanikauka. Jua likipanda unatoa pepeta ya mpunga mchanga uliyochanganya na nazi, unanitangulizia mimi. "Kula, mwanangu. Ndege wamekula, sembuse wewe?" Nilidhani dunia yote ni mimi, wewe na shamba lile.

Siwezi kupita pale bila kumkumbuka Mzee Mbonde, jirani yetu. Alikuwa amekata mikoko maisha yake yote. Boriti zake zilivuka bahari kwenda kubeba dari za watu asiowajua. Mkewe alikufa, watoto wake wote wawili aliwazika, kisha macho yakaingia ukungu na shoka likamshinda. Alikaa mlangoni pake na kanzu safi, na jikoni kwake siku mbili, tatu, hapaonekani moshi. Ukinituma na sahani ya wali, ananiambia kwa upole, "Mwambie Binti Salum ahsante, nimekwisha kula." Sahani narudi nayo kama nilivyokwenda nayo.

Mwaka ule karani akaliandika jina lake kwenye daftari la kodi ya kichwa, kana kwamba bado ni kijana. Asiyelipa alipelekwa kufanya kazi ya barabara. Mpunga ulikuwa ndio kwanza unaanza kupata rangi Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipokuja na motaboti kufanya baraza. Ukamshika Mzee Mbonde mkono, ukamfikisha mbele ya watu. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeng'ang'ania upindo wa kanga yako. Sauti yako haikutetemeka.

"Bwana, mzee huyu hana nguvu, hana mtoto, hana chakula. Muulize mwenyewe jana amekula nini."

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akamgeukia. Mzee Mbonde akanyoosha mgongo.

"Nimekula wali, Bwana. Mpunga kwangu upo."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Shauri akasema mwenye mpunga na alipe, jina likabaki daftarini, nawe ukaonekana mwongo mbele ya kijiji kizima. Wakati wa kurudi ulikuwa unalia kwa hasira.

"Mzee wangu, mbona umeniaibisha?"

Akasimama katikati ya njia. "Na wewe, Binti Salum, ulitaka niseme nina njaa mbele ya watu niliowafundisha mimi kushika shoka?"

Siku tatu hukuimba kwenye dungu. Siku ya nne ukaniambia nikufuate, tukaenda kwa jumbe, mkuu wa kijiji.

"Jumbe, mavuno haya nataka kila shamba litenge ngwe moja, kipande kimoja tu cha mpunga, kiwe cha wazee. Wote, wenye watoto na wasio na watoto. Na mama yako apokee wa kwanza."

Jumbe akacheka. "Mama yangu ana njaa?"

"Hana. Ndiyo maana nataka aanze yeye."

Jumbe aliacha kucheka. Akasema ngwe itatengwa, na kwa habari ya kodi ya Mzee Mbonde atakwenda bomani mwenyewe. Akaenda, akaeleza kuwa Mbonde ni mzee, na jina likafutwa pasipo mzee kuulizwa neno lolote.

Wengine hawakukubali kwa urahisi. Nakumbuka yule mwanamke aliyekwambia kisimani, "Wewe huna mtoto, unajiandalia uzee wako." Nilitaka kumrukia. Wewe ukatua ndoo, ukasema taratibu, "Ndiyo, najiandalia. Na wewe nakuandalia wako."

Siku ya mavuno mama yake jumbe alipokea mbele ya watu wote, akiringa kidogo. Ilipofika zamu ya Mzee Mbonde, akauliza, "Na wengine wamepata?"

"Wote, mzee wangu."

Akapokea kwa mikono miwili. Jioni ile moshi ulipanda jikoni kwake, nawe ukajifanya huuoni.

Sasa niseme lililonileta. Nilipoolewa Kibiti na wewe ukaanza kupinda mgongo, nilikuja kukuchukua. Ulikataa. "Nikija kwako nitakula kwa huruma ya mumeo. Hapa nakula haki yangu." Nilirudi Kibiti nikilia, nikaamini hukunipenda vya kutosha. Nikapitisha mwaka mzima bila kuja kukutazama. Nisamehe, shangazi. Nilikuwa kijana, mwenye nguvu, na mwenye nguvu ni mgumu kuelewa kwa nini mtu aogope huruma. Leo magoti yangu yananifundisha polepole.

Juzi, basi, nikitoka kaburini, nilimkuta msichana anakata mpunga, ameruka kipande kando ya kijito hakukigusa. Nikamuuliza mbona anakiacha.

"Ile ngwe ya wazee, bibi. Inavunwa peke yake."

"Nani aliianzisha?"

Akanitazama kama niliyeuliza nani alianzisha mvua. "Hakuna aliyeianzisha. Ndivyo ilivyo tangu zamani."

Jina lako lilikuwa limenifika ulimini. Nikalimeza. Nikakunja kanga yangu, nikaingia shambani kumsaidia kufunga miganda.

Lala salama, shangazi. Mungu akuwekee nuru.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako