Kitabu cha Naserian

Jumamosi jioni. Manyunyu tangu asubuhi, Mlima Meru haujaonekana kabisa, na mimi nimechefukwa.

Nimetoka kwenye tamasha letu la katuni, ukumbi wa kanisa, Ngarenaro. Tamasha ni jina tu: meza kumi na mbili, vijana na hadithi walizochora wenyewe, na bango lenye uso wa mgeni rasmi, mkubwa kuliko michoro yote. Anauza vifaa vya ujenzi. Alilipia ukumbi na soda, basi tukamsubiri kwa saa tatu nzima watoto wakiwa na njaa.

Mezani kwangu alikaa Naserian, yuko kidato cha pili, katoka Oldonyo Sambu alfajiri. Kajaza karibu kaunta buku nzima kwa kalamu ya bluu, hadithi ya punda waliogoma kubeba maji. Katibu wa mgomo ni punda mzee mwenye miwani. Nilicheka mpaka machozi. Kachora mwaka mzima, na nakala ni hiyo hiyo moja.

Mgeni kafika, kahutubia weee, ndipo Godlisten, mwenyekiti wa kamati yetu, akaniinamia: "Dada, zawadi ya mgeni iko wapi?" Tulikuwa tumesahau. Na mgeni rasmi haondoki mikono mitupu, hata kama kaja kula tu.

Nikasema mpe kitabu cha yule binti, ndicho kizuri kuliko vyote.

Mimi ndiye niliyesema. Hakuna aliyenilazimisha.

Hatukumwuliza mwenyewe. Aliitwa mbele kwa kipaza sauti, akapiga goti, akakabidhi kwa mikono miwili. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Mtoto wa miaka kumi na minne angekataaje mbele ya wakubwa wote wale? Yule bwana hakufungua hata ukurasa mmoja. Aliweka sahani yake ya kuku juu ya kitabu, mafuta yakalowanisha jalada, kisha akaondoka nacho kwapani huku anaongea na simu. Ovyo kabisa. Lakini kinyaa kikubwa najionea mwenyewe.

Tulipokuwa tunakunja meza, Naserian akanifuata. "Dada, yule baba atanirudishia lini? Maana sijamaliza, bado kurasa sita."

Hakulia. Aliuliza tu, akisubiri jibu. Nikamwambia wiki ijayo.

Uongo ulinitoka laini kabisa, hata sikumeza mate.

Godlisten kanipigia sasa hivi. Nimemwambia Jumatatu duka la yule bwana likifunguliwa, mimi niko mlangoni. Anasema nitawaharibia, mwakani nani atalipia ukumbi. Mwakani tukae chini ya turubai, sijali. Nitamwambia yule bwana kwamba zawadi tuliyompa haikuwa yetu.

Na bwana huyo akiniuliza, "Kitabu gani?", nitamwambia nini Naserian?