Mstari Kati ya Visanduku Viwili

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la mama limemwachia kidogo. Mwili wangu haujambo, ila usingizi umenihama. Utacheka kuona Profesa wako wa kompyuta ameshika kalamu, lakini kila nikichukua simu ulimi unakuwa mzito.

Unakumbuka ulivyonipigia debe kwa daktari wa kliniki yenu ya watoto? Ulimwambia mdogo wako ni fundi, atawatengenezea mfumo wa kutunza kumbukumbu za chanjo. Nikaja nikakaa kando yako pale mapokezi, nikafungua ukurasa wangu wa kuchorea kwenye kivinjari, nikawa navuta visanduku kwa kipanya: cha wauguzi, cha watoto, cha chanjo, na mistari ya kuviunganisha. Ukauliza mistari ni ya nini. Nikakujibu ni kama kamba ya kuanikia nguo, kila mtoto ananing'inia kwa muuguzi aliyemchanja. Ukasema basi kamba ikikatika, nguo zote chini. Nilikucheka, nikakuambia kazi hii ina wenyewe.

Kisha yule muuguzi mrefu akaacha kazi, daktari akakuagiza umtoe kwenye mfumo. Ukamtoa, na kumbukumbu za watoto wote aliowachanja zikafutika pamoja naye. Nakala ya akiba niliyoahidi kuweka sikuwa nimeiweka. Akina mama wakafurika mapokezi, pale kliniki hakuna ajuaye mtoto gani kachanjwa nini, na wewe ukasimamishwa kazi.

Daktari aliponitafuta, niliufungua mchoro kabla ya kumjibu. Nikaubofya ule mstari, nikakuta nimechagua kwa mkono wangu kwamba anayefutwa afutwe pamoja na vyote vinavyomtegemea. Nilichagua hivyo kwa haraka, njaa ikiniuma, nikasema nitarekebisha baadaye. Nikaubadilisha mstari kimyakimya. Kisha nikamwambia daktari kwamba mfumo hufanya unachoamriwa, kosa ni la kidole kilichobonyeza. Kidole chako, Dada. Jioni ukanipigia kunipa pole kwamba kazi yangu imeharibika, nami bila haya nikaipokea.

Jana nikaufungua tena. Ukurasa ule hutunza michoro ya zamani na kuonyesha kila aliyeitazama, nami nilikuwa nimesahau kwamba nilikupa kiungo cha kuufungulia siku ile ya kujivuna. Jina lako lipo. Uliutazama mchoro wa kwanza, mstari ukiwa kama nilivyouacha, mchana wa siku uliyonipigia. Kumbe uliponipa pole ulikuwa unajua. Ukamwambia na mama asinisumbue kwa maswali ya kliniki, niachwe nifanye kazi. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Leo asubuhi nimeurudisha mchoro ulivyokuwa, nikaenda nao kwa daktari, nikamweleza kwa kinywa changu. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Amesema Jumatatu urudi mezani kwako. Kazi ya mfumo atampa mtu mwingine.

Akina mama wataanza kuleta kadi za chanjo za watoto wanazotunza nyumbani. Niruhusu nikae kando yako nikusomee, wewe uziandike upya. Ukinikatalia, ni haki yako.

Msalimie mama sana. Mwambie yale maswali yake, sasa aniulize.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimwita Profesa