Setilaiti Inamsuta Baba Yangu

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na uniwie radhi kwa urefu wa barua, maana jambo hili nimelibeba wiki tatu na mume wangu amechoka kuniuliza kwa nini naacha chai ipoe.

Nafanya kazi ofisi ya hali ya hewa, chumba cha bahari, na kazi yangu ni kusoma vipimo vya setilaiti inayopita huko juu, inatuma mawimbi ya redio chini, yanagonga maji yanarudi, nasi tunajua bahari imepanda au imeshuka kiasi gani, na nisikufiche, Shangazi, kazi hii naipenda hadi nacheka peke yangu, na aliyenitia ugonjwa huu ni baba yangu mzazi, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekuwa msoma ubao wa bandarini, yaani ule ubao wenye namba uliopigiliwa mwisho wa gati, anausoma kila siku maji yakijaa na yakipwa, anaandika kwenye daftari, mvua isimzuie wala jua, hata sasa amestaafu bado anakwenda, anausukuma kwa bega mlango wa kibanda chake kilicho hapo hapo juu ya gati kwa kuwa siku hizi umekaza, anaingia, anasoma, na ofisini kwetu kila mtu anasema Mzee Ubao hakosei.

Sasa tuna mazoea tuliyorithi, kila Januari tunachukua namba za setilaiti tunazivuta mpaka zilingane na ubao wa baba, na mwaka huu nikapewa mimi kuandika ripoti ya miaka yote, nikasema ngoja nizitazame zikiwa ghafi, kabla hazijavutwa, jamani! Setilaiti inasema bahari imepanda sentimita tisa, ubao wa baba unasema ishirini na moja, na tofauti yenyewe haikuja kwa mkupuo, imekua taratibu, nusu sentimita na ushei kila mwaka, mwaka hadi mwaka. Mkuu wetu mpya akapita nyuma yangu akaona, akacheka, akasema, "Huyo mzee wako alikuwa anajaza namba kitandani," na mimi sikumtetea baba, kwa sababu moyoni nilishaanza kumshuku, nikakumbuka mwaka ule goti lilipomsumbua. Nikazivuta namba za setilaiti kama ilivyo desturi, nikafunga kompyuta.

Hiyo Ijumaa bandari inamfanyia baba sherehe, kibanda kitapewa jina lake, watu mia wamealikwa hadi mwisho wa gati, na ripoti yangu itasomwa mbele yao. Nikisema ukweli namvua nguo baba yangu hadharani, nikinyamaza naifanya setilaiti kuwa mwongo na najua si mwongo. Nifanye nini? Tafadhali baba asijue kwamba nilimshuku.

Binti wa Msoma Ubao

*

Binti wa Msoma Ubao,

Pole, mwanangu. Pole nimemaliza, sasa nikugombeze. Bahari nzima unaiona kutoka juu ya mawingu, mlango wa baba yako huuoni!

Mimi setilaiti naijua kwa kusikia tu, ila waongo nawajua, mwaka wa kumi na tisa huu nasoma barua zao. Mwongo husahau. Leo anaongeza tatu, kesho kumi, goti likimuuma anaruka wiki nzima. Hajazaliwa mwongo wa kuongeza nusu sentimita na ushei kila mwaka, miaka ishirini na miwili, bila kupitiliza. Mwendo huo si wa mtu, ni wa kitu kizito kinachodidimia. Halafu unaniambia mlango umekaza, tena unaniambia kwa kupita tu! Mlango hukaza nyumba inapokaa upande, muulize fundi yeyote. Setilaiti iko sawa na baba yuko sawa. Linalozama ni gati, na ubao umepigiliwa humo humo, unashuka nalo, ndiyo maana maji yanaonekana yamepanda kuliko yalivyopanda. Nanyi wasomi wazima mna shahidi mmoja tu asiyesimama juu ya gati hilo, kila Januari mnamfinya hadi aseme mnachotaka nyinyi. Aibu iwapate kidogo.

Barua yako niliisoma Jumatatu saa nne asubuhi. Watu mia wakasimame mwisho wa gati linalozama, nami nikae nangoja gazeti litoke? Nilikupigia kwa namba ya simu uliyoandika nyuma ya bahasha, ukalia, nikakwambia futa machozi, beba namba ghafi, nenda moja kwa moja kwa mkuu wa bandari. Ukaenda. Hapo nakupa heko yako.

Jana umenipigia kwa kelele mpaka karani wangu akaacha kuchapa. Wapimaji wameshuka chini ya gati, wamelilinganisha na alama ya saruji iliyo nchi kavu, na nguzo za mwisho zimedidimia sentimita kumi na mbili, mbili kati yake zina ufa wa kuingiza mkono. Gati limefungwa na hakuna aliyeumia hata ukucha. Ukatoa kumi na mbili kwenye ishirini na moja, ikabaki tisa, ile ile ya setilaiti! Ukazigawa hizo kumi na mbili kwa miaka yote, ukarudia mwaka kwa mwaka, mistari miwili ikalaliana. Nilipiga vigelegele ofisini, mwanangu, na umri huu. Mzee mwenye daftari na goti bovu amekwenda sambamba na chombo kinachoizunguka dunia, na kwa pamoja wameokoa watu mia.

Sasa nisikilize. Ripoti iandike upya, na kosa la ofisi uliweke wazi, pamoja na kwamba mwaka huu aliyezivuta namba ni wewe. Sherehe ifanyike nchi kavu, na ukurasa wa ripoti unaomhusu baba asome huyo mkuu wako aliyecheka, asome kwa sauti. Ubao mpya upigiliwe kwenye mwamba. Na kuanzia leo ubao na setilaiti visemeshane bila mtu kuvilazimisha, vikitofautiana mwende mkatazame kuna nini.

Limebaki moja. Uliniomba baba asijue kwamba ulimshuku. Jana ulipompa baba simu nimsalimie, ukatoka kuwapa wapimaji chai, aliniambia, "Dada, huyu mtoto alinishuku. Wiki tatu hanitazami usoni. Nikasema namwacha, namba zenyewe zitamrudisha. Si mimi niliyemfundisha kuzisoma?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo anajua, na anakungoja. Barua usimwandikie. Leo hii, kabla hujafika ofisini, pita nyumbani kwake, mtazame machoni, umwambie, "Baba, nilikushuku, nisamehe." Na usiongeze hata neno moja la setilaiti.